Masharti ya Walaji wa Mafuta

Mhadhara wa wazi uliotolewa mjini Tanga



Kuna kauli ninayoisikia sana, vijiweni na hata kwenye mikutano ya wataalamu, kwamba bahari hujisafisha yenyewe. Anayeisema huwa na maana kwamba mafuta yakimwagika tusihangaike mno, wapo viumbe wadogo watakaoyala. Kauli hii ina ukweli, na ukweli wenyewe ni wa ajabu kiasi cha kustahili jioni nzima. Tatizo lake ni kwamba imekatwa katikati. Viumbe hao wapo na mafuta wanayala kwelikweli, ila wana masharti. Pwani yetu ina mahali ambapo masharti hayo yanatimia vizuri na mahali ambapo hayatimii hata kidogo, na bahati mbaya ni kwamba riziki za watu wengi wa hapa zinatoka pale yasipotimia.

Nitaanzia mbali kidogo, Ghuba ya Meksiko, kwa sababu huko ndiko walaji hawa walikochunguzwa kwa karibu kuliko kwingine kokote.

Usiku wa tarehe 20 Aprili 2010, mtambo wa kuchimba mafuta ulioitwa Deepwater Horizon ulilipuka kilomita 66 hivi kutoka pwani ya jimbo la Louisiana, Marekani. Wafanyakazi 11 walikufa. Kisima chenyewe, Macondo, kilikuwa kwenye sakafu ya bahari, chini ya maji ya kina cha mita 1,500, na kiliendelea kutoa mafuta na gesi hadi kilipozibwa tarehe 15 Julai. Hizo ni siku 87. Wataalamu wa serikali ya Marekani walikadiria kwamba mapipa milioni 4.9 yalitoka kisimani. Mahakama baadaye iliamua kwamba yaliyoingia baharini yalikuwa mapipa milioni 3.19.

Picha zilizozunguka dunia zilikuwa za juu ya maji: mwari waliolowa weusi, fukwe zilizopakwa mafuta, mtambo unaoungua. Huko chini kulikuwa na habari nyingine. Mafuta yaliyotoka kwa shinikizo kubwa yalipasuka kuwa matone madogo sana, na sehemu yake, ikiwa imechanganyika na gesi, haikupanda juu kabisa. Ilitanda kwenye kina cha mita 1,000 hadi 1,200 na kuelea na mkondo kwa umbali wa zaidi ya kilomita 35. Huko ni giza, na maji yana nyuzi 5 tu za joto. Mtu angetegemea kwamba katika baridi hiyo mafuta yangekaa miaka mingi bila kuguswa.

Mwanabiolojia Terry Hazen na wenzake wa maabara ya taifa ya Lawrence Berkeley, California, walichota maji ya kina hicho na kuyalinganisha na maji ya nje ya eneo la mafuta. Waliyoyakuta waliyachapisha Agosti ya mwaka uleule. Ndani ya mafuta kundi moja la bakteria, Oceanospirillales, lilikuwa limezaana hadi kuwafunika wengine wote, wakati katika maji safi ya jirani lilikuwa la wachache wa kutafutwa. Na kazi yao ilipimika: kwa makadirio ya timu hiyo, nusu ya alkani, yaani zile molekuli za mafuta zilizonyooka, ilitoweka katika muda wa siku 1.2 hadi 6.1 kutegemea sampuli. Wiki zilivyopita wakazi wa maji yale walibadilika. Walikuja Colwellia, ambao baridi ndiyo kwao, kisha Cycloclasticus, wenye uwezo wa kuvunja molekuli za pete zilizo ngumu zaidi na zenye sumu zaidi. Kila hatua ya chakula ilikuwa na mlaji wake.

Wanasayansi wamebishana juu ya kasi hizo, na bado wanabishana. Lakini jambo la msingi halina ubishi: hakuna aliyewapeleka bakteria hao. Walikuwa palepale, wachache, wakisubiri.

Kwa nini bahari iwe na walaji wa mafuta tangu zamani, kabla ya mwanadamu kuunda hata meli moja ya mafuta? Jibu la kwanza ni kwamba mafuta hutoka ardhini yenyewe. Sakafu ya bahari ina nyufa zinazovuja polepole katika sehemu nyingi za dunia, na Ghuba ya Meksiko inazo mamia. Baraza la taifa la utafiti la Marekani lilikadiria mwanzoni mwa karne hii kwamba tani 600,000 hivi huingia baharini kila mwaka kwa njia hiyo ya asili.

Jibu la pili lilinishangaza zaidi nilipolisoma. Katika maji ya joto yenye jua, pamoja na haya yaliyopo kati yetu na Pemba, wamejaa viumbe wadogo wa kijani wanaojitengenezea chakula kwa mwanga: Prochlorococcus na Synechococcus. Ni wadogo mno, ila kwa wingi wao wamo miongoni mwa viumbe wanaoongoza duniani. Mwaka 2015 watafiti walionyesha kwamba viumbe hawa hutengeneza alkani ndani ya miili yao, za aina zilezile zilizomo kwenye dizeli. Kwa hesabu yao, bahari zote kwa pamoja hupata kwa njia hii tani milioni 300 hadi 800 za alkani kila mwaka. Kiasi hicho ni mara mamia kadhaa ya mafuta yote yanayoingia baharini kutokana na nyufa za asili, meli, visima na mifereji ya miji yetu. Na bado ukipima maji hukuti karibu kitu, kwa sababu kinachotengenezwa leo kinaliwa leo. Walaji wa mafuta, kwa hiyo, wako kila mahali penye maji ya chumvi. Hata ndoo ya maji ya hapo ufukweni inao.

Mmoja wao anajulikana vizuri kuliko wote. Anaitwa Alcanivorax borkumensis, na alielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1998 kutokana na sampuli za Bahari ya Kaskazini, karibu na kisiwa cha Borkum cha Ujerumani. Tabia yake ni ya kipekee: sukari, ambayo karibu kila bakteria huifurahia, huyu haiwezi vizuri. Anachotaka ni alkani. Katika maji safi ni adimu. Mafuta yakimwagika, katika siku chache anaweza kuwa sehemu kubwa kabisa ya bakteria wote waliopo.

Tumtazame akila, maana hapa ndipo masharti yake yanapoonekana.

Bakteria hana mdomo. Kila kinachoingia mwilini mwake hupita kwenye utando wake, na kinachopita kirahisi ni kilichoyeyuka kwenye maji. Mafuta hayayeyuki. Basi kazi ya kwanza ni kulifikia tone. Alcanivorax hutoa kitu chenye sehemu ya sukari na sehemu ya mafuta, kinachofanya kazi ya sabuni: upande mmoja unashika maji, mwingine unashika mafuta. Hujibandika juu ya tone, huzaana hapo na kulizunguka kwa tabaka. Mwaka 2023 watafiti wa Japani na Ufaransa walionyesha kwa darubini jambo zuri sana: bakteria waliokwisha kuyazoea mafuta hayo hulisukuma na kulikunja tone hadi likachomoza vijirija virefu vyembamba. Tone likiwa hivyo, sehemu yake inayogusana na maji huongezeka, na walaji wengi zaidi wanapata nafasi. Hilo ni sharti la kwanza: eneo la kugusana. Tone dogo huliwa haraka. Bonge huliwa kwa nje tu.

Kisha huja kazi ya ndani. Molekuli ya alkani ni mnyororo wa kaboni uliofunikwa na haidrojeni pande zote, tulivu, usio na mahali pa kushikia. Bakteria hutumia kimeng'enya kuchomeka atomu moja ya oksijeni kwenye kaboni ya mwisho ya mnyororo. Hapo mnyororo umekuwa alkoholi. Hatua mbili zaidi na umekuwa asidi ya mafuta, ya jamii moja na zile zilizomo kwenye mafuta ya nazi. Kuanzia hapo unakatwa kaboni mbili, tena mbili, tena mbili, kwa njia ileile ambayo miili yetu wenyewe inatumia kwa mafuta ya chakula. Vipande vingine vinachomwa ili kupata nguvu na kuishia kuwa maji na kaboni dayoksaidi. Vingine vinajenga bakteria wapya.

Mmeona oksijeni ilipoingia? Inahitajika mwanzoni kabisa, kufungua mnyororo, na inahitajika tena mwishoni, kuchoma vipande. Hilo ni sharti la pili, na ni zito. Claude ZoBell, Mmarekani aliyekuwa miongoni mwa waanzilishi wa elimu ya bakteria wa baharini, alikadiria kwamba kumaliza kabisa lita 1 ya mafuta ghafi kunahitaji oksijeni yote iliyomo katika lita 320,000 za maji ya bahari. Chukueni pipa moja la lita 200, hili tunalolifahamu sote. Linahitaji oksijeni ya lita milioni 64. Hilo ni hori lenye zaidi kidogo ya hekta 6 na kina cha mita 1, likamuliwe oksijeni yote kwa ajili ya pipa moja. Bahari kubwa yenye mawimbi inajaza pengo hilo kwa kuvuta hewa mpya kutoka juu. Maji yaliyosimama hayawezi, na tope haliwezi kabisa.

Sharti la tatu ndilo ambalo watu wengi hawalijui. Mafuta yana kaboni na haidrojeni kwa wingi wa kupindukia, lakini karibu hayana naitrojeni na fosforasi, na bila hivyo viwili hakuna kiumbe awezaye kujenga mwili. Kumpa bakteria mafuta peke yake ni kumpa mtu ugali mtupu kila siku: tumbo linajaa, mwili haujengeki. Kipimo kinachotumiwa sana ni kwamba kwa kila gramu ya mafuta inayoliwa zinahitajika miligramu 150 hivi za naitrojeni na 30 hivi za fosforasi. Nimeipeleka hesabu hiyo kwenye mbolea ya wakulima wetu. Urea ina asilimia 46 ya naitrojeni, kwa hiyo mfuko wa kilo 50 una kilo 23. Tani 1 ya mafuta inahitaji kilo 150, sawa na mifuko 6 na nusu. Tani 1,000 zinahitaji mifuko 6,500. Bahari ya wazi ya tropiki, yenye yale maji mazuri ya buluu tunayoyasifu, ina naitrojeni kidogo mno, na ndiyo sababu ni ya buluu.

Jambo hili lilijaribiwa kwa vitendo huko Alaska. Tarehe 24 Machi 1989 meli Exxon Valdez iligonga mwamba wa Bligh katika Prince William Sound na kumwaga tani 37,000 hivi za mafuta ghafi. Fukwe za huko ni za mawe na changarawe, na zilitapakaa mafuta kwa mamia ya kilomita. Kwanza walizipiga kwa maji ya moto yenye shinikizo. Mafuta yaliondoka, na pamoja nayo wakaondoka au kufa viumbe wengi waliokuwa wamenusurika. Halafu wataalamu wa shirika la mazingira la Marekani wakajaribu njia nyingine: walinyunyizia mbolea, moja ya maji inayoshikana na mafuta na nyingine ya punje zinazoyeyuka polepole. Katika wiki mbili tatu, kwenye ufukwe wa majaribio wa Snug Harbor, sehemu iliyotiwa mbolea ilionekana kuwa safi, mstatili mweupe katikati ya mawe meusi, wazi kiasi kwamba ulionekana kutoka kwenye helikopta. Hakuna bakteria aliyeongezwa. Waliokuwepo walipewa kilichokosekana, na uozaji wa mafuta ukaenda mara mbili hadi tano zaidi ya kawaida.

Ningependa kuishia hapo, lakini Alaska ina sehemu ya pili. Mwaka 2001 watafiti wa serikali ya Marekani walirudi, wakachimba mashimo kwenye fukwe zilizochafuliwa zamani, na kukuta mafuta katika zaidi ya nusu ya maeneo waliyochimba. Mengi yalikuwa chini ya changarawe, mengine yakiwa bado mabichi, yenye harufu. Miaka 12 ilikuwa imepita. Baadaye, mwaka 2010, Michel Boufadel na mwenzake walieleza sababu: fukwe hizo zina matabaka mawili, la juu linalopitisha maji kwa urahisi na la chini lililobana. Katika lile la chini maji hayapiti upesi, oksijeni haifiki ya kutosha, na mafuta yaliyonaswa humo huoza kwa mwendo wa konokono. Bakteria wapo hapo. Wamekosa pumzi.

Sasa niwarudishe nyumbani, kwenye mikoko.

Wavuvi mliopo hapa mnalijua tope la mikoko kuliko mimi. Likanyage, linanuka yai bovu. Harufu hiyo ni taarifa ya kisayansi kamili: inasema kwamba milimita chache tu chini ya uso wa tope oksijeni imekwisha, na bakteria wa humo wanapumua kwa kutumia salfeti ya maji ya bahari, wakitoa ile gesi tunayoisikia. Mti wenyewe unalijua hilo. Mchu husimamisha mizizi ya kupumulia juu ya tope kama vijiti, mkoko hushuka kwa miguu yake mirefu yenye vitundu, yote kwa ajili ya kuvuta hewa ambayo tope halina. Mafuta yakija na maji kujaa na kuipaka mizizi hiyo, vitundu vinazibwa na mti unakosa hewa. Yakizama ndani ya tope, yanaingia mahali ambapo sharti la pili halitimii.

Je, wale bakteria wa salfeti hawawezi kula mafuta? Wanaweza. Mwaka 1991 kikundi cha Friedrich Widdel nchini Ujerumani kilithibitisha kwamba wapo wanaovunja alkani pasipo oksijeni hata chembe. Ulikuwa ugunduzi mkubwa, maana kabla yake wengi waliamini hilo haliwezekani. Lakini kasi yao ni ndogo sana, na mkulima wa kaa hana maisha ya kuwasubiri.

Ushahidi wa subira hiyo upo. Huko Massachusetts, Marekani, jahazi la mafuta lililoitwa Florida lilipasuka Septemba 1969 karibu na West Falmouth, na dizeli ikaingia kwenye kinamasi cha majani ya chumvi. Miaka 30 baadaye wanasayansi wa Woods Hole walikuta mafuta yangali kwenye tope, sentimita kadhaa chini, alkani zikiwa zimeliwa lakini sehemu nyingine zikiwa karibu kama zilivyoingia. Baadaye tena walitazama mashimo ya kaa wadogo wanaopunga gando, jamaa wa hawa wa kwetu. Kaa wa maeneo safi walichimba kwenda chini moja kwa moja. Wa maeneo yenye mafuta walishuka kidogo, wakifika karibu na tabaka lile wanageuza shimo kwenda pembeni. Karibu miongo minne, na kaa bado analikwepa.

Katika mikoko yenyewe mfano unaotajwa sana ni wa Panama. Mwaka 1986 tangi la kiwanda cha kusafishia mafuta kwenye ghuba ya Las Minas lilipasuka na lita zaidi ya milioni 8 zikaingia baharini. Makumi ya hekta za mikoko zilikufa. Kwa miaka iliyofuata, kila mizizi iliyokufa ilipooza na tope kumomonyoka, mafuta yalitoka upya na kuchafua tena mahali palipoanza kupona. Watafiti walioufuatilia mkasa huo waliandika kwamba sumu ingebaki kwenye matope hayo kwa angalau miaka 20.

Na sisi tunayo historia yetu. Mwaka 1988 tangi lilitoboka Mombasa na tani 5,000 hivi za mafuta zikaingia kwenye hori la Makupa, ambako mikoko mingi ilikufa. Mwaka 2005 meli ya mafuta ilivuja katika bandari ya Kilindini na mafuta yakaingia tena kwenye mikoko ya Port Reitz. Mbali zaidi, katika Bahari Hindi hiihii, meli Wakashio ilipanda kwenye mwamba wa Morisi tarehe 25 Julai 2020 na kuanza kuvuja tarehe 6 Agosti, tani 1,000 hivi. Wakashio haikuwa hata meli ya mafuta. Ilikuwa meli ya mizigo, na kilichovuja ni mafuta ya kuendeshea injini yake. Watu wa Morisi walishona vizuizi vya kuelea kwa majani ya miwa ili kuyakinga maji ya rasi na mikoko yao. Nawaheshimu sana kwa hilo, kwa sababu walielewa kwamba kazi ni kuyazuia yasiingie.

Hapa Tanga tunakaribia kuwa na jirani mpya. Bomba la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, linaishia Chongoleani, na meli zitapakia hapo. Wengi wamezungumza juu ya bomba hili kwa mapenzi au kwa hasira. Mimi nitazungumza juu ya kilichomo ndani yake, kwa kuwa ndicho kinachonihusu. Mafuta ya Ziwa Albert yana nta nyingi. Katika joto la kawaida la hewa hayatiririki. Ndiyo maana bomba lote linapashwa joto ili mafuta yakae juu ya nyuzi 50. Maji ya bahari yetu huwa kati ya nyuzi 25 na 30. Mafuta kama hayo yakidondokea humo hayatarajiwi kutandaa kuwa utando mwembamba. Yanatarajiwa kuganda na kuwa mabonge.

Kikemia, nta ni alkani ndefu, chakula halali cha Alcanivorax na wenzake. Mtu anaweza kusimama hapa na kusema, basi haya ni mafuta rahisi kuoza. Kumbukeni sharti la kwanza. Katika fukwe za mchanga za jimbo la Florida, baada ya Deepwater Horizon, watafiti walifuatilia mabonge ya mafuta na mchanga yenye ukubwa wa mpira wa gofu yaliyofukiwa ufukweni. Mafuta yaliyosambaa kwenye mchanga yaliisha upesi kwa kiasi, lakini mabonge hayo yalikadiriwa kuhitaji miaka 30 au zaidi. Huo ni mchanga unaopitisha hewa kila maji yanapokupwa na kujaa. Bonge la nta kwenye mchanga wa Chongoleani lingekuwa na safari ndefu. Bonge hilohilo likisukumwa ndani ya tope na mguu wa mtu au likitumbukia kwenye shimo la kaa, safari yake sijui nani wa kuihesabu. Upande mmoja wa sifa hii ni wa kheri na sitaki kuuficha: bonge linaokotwa kwa mkono na koleo, utando mwembamba hauokotwi. Ila liokotwe kabla ya maji kujaa tena.

Nimeulizwa mara kwa mara juu ya njia za mkato, na nitazipitia upesi. Kuna dawa za kutawanya mafuta, zinazoyapasua kuwa matone madogo. Marekani mwaka 2010 zilimwagwa lita milioni 7 hivi za dawa iitwayo Corexit, na zaidi ya theluthi moja yake ilipulizwa kwenye mdomo wa kisima chini kabisa. Kwa hoja ya eneo la kugusana zina mantiki. Lakini mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Georgia walionyesha kwamba katika majaribio yao dawa hiyo ilibadilisha aina ya bakteria walioshamiri na haikuongeza kasi ya kuoza. Wengine wamewapinga, na mjadala haujafungwa. Kwenye maji mafupi yenye matumbawe na vifaranga vya samaki mimi singeikubali. Kuna pia bakteria wa kununuliwa. Mwaka 1980 Mahakama ya Juu ya Marekani, kwa kura 5 dhidi ya 4, ilimpa Ananda Chakrabarty wa kampuni ya General Electric haki ya hataza juu ya bakteria aliyemtengeneza ale mafuta. Kesi hiyo ilibadilisha sheria za dunia. Bakteria mwenyewe hakuwa msafishaji wa bahari. Na bidhaa za bakteria zilizojaribiwa Alaska hazikuwashinda wenyeji. Akija mtu na debe la unga akatuambia ndani yake mna vijidudu vya kulisafisha hori letu, tumuulize kama ameleta na oksijeni. Na mbolea? Kwenye mawe ya Alaska ilisaidia. Kwenye tope lisilo na hewa naitrojeni siyo iliyokosekana, na kuimwaga kwenye hori lililofungwa ni kukaribisha mwani utakaomaliza hata oksijeni iliyobaki.

Kwa hiyo kazi yetu ni ya kabla, na ni ya saa chache. Kila mlango wa hori lenye mikoko, kuanzia hapa mjini hadi Mkinga, unapaswa kujulikana kwa upana wake, kasi ya maji yake wakati wa bamvua, na mahali pa kufungia vizuizi. Vifaa vikae karibu na mlango huo, mikononi mwa wavuvi wa hapo waliofundishwa na kulipwa kwa kazi hiyo, kwa sababu kutoka mafuta yanapomwagika hadi maji yanapojaa huenda tukawa na saa sita tu. Yakishaingia, watu wasikanyage tope ovyo kwa nia njema ya kusafisha. Kila hatua inashindilia mafuta mahali ambapo bakteria hawapumui. Na wakati wa kusi, upepo na mkondo vinaelekea kaskazini, kwa hiyo mafuta ya Chongoleani yanaweza kuwa mafuta ya Vanga na Shimoni. Wenzetu wa Kenya wawe kwenye mpango huo tangu siku ya kuuandika, siyo siku ya kupigiwa simu.

Ombi langu kwa vyuo na taasisi zetu za utafiti ni moja. Tupime sasa, meli zikiwa bado hazijawa jambo la kila wiki: ni bakteria gani walaji wa mafuta wanaoishi kwenye maji na matope ya mahori haya, kuna naitrojeni kiasi gani, oksijeni inaishia kina gani. Sampuli zichukuliwe msimu wa kusi na msimu wa kaskazi, kwenye sentimita 1, 10 na 30 za tope, Tanzania na Kenya zikitumia njia moja ya kupima, na matokeo yawekwe mahali ambapo mvuvi, mwanasheria na mwanafunzi wote wanaweza kuyafikia, maana baada ya mafuta kuingia hatutapata tena tope safi la kulilinganisha na lililochafuka.